Hadithi Alizopewa Mgeni: Kumbukumbu ya Bibi Rosella Kingbird

Mwaka umetimia, Bibi, tangu usinzie alasiri ile usiamke tena.

Tunakukumbuka ukirudi kutoka ziwani, mtumbwi umejaa mpunga wa mwitu uotao majini, nawe umejaa maneno. Aliyenuna ulimmegea mkate wa kukaanga, kisha ukamuuliza, "Sasa unanunaje na mdomo umejaa?"

Kila kiangazi mjukuu wako Marlis alikuja kutoka chuoni Minneapolis na kinasa sauti. "Bibi, nisimulie za Nanabozho, yule mjanja wa wahenga wetu."

"Theluji iko wapi? Hizo husimuliwa wakati wa theluji tu. Nikisimulia sasa, vyura watakuja kulala kitandani kwako. Njoo wakati wa baridi."

Wakati wa baridi alikuwa na mitihani. Baadaye akawa na kazi.

Aliyekuja ni Ingrid, mtafiti mgeni. Alikupa tumbaku kwa heshima, kama ilivyo desturi yetu kwa wazee, akapasua kuni, akaosha vyombo, na kwa miaka miwili hakuomba kitu. Mwaka wa tatu, theluji ilipoanguka, ukamsimulia huku akirekodi, naye akaahidi kwa maandishi kwamba hadithi ni za ukoo na hazitatoka bila ruhusa yetu.

Marlis aliposikia, wivu ulimpanda. "Bibi yangu mimi, halafu anapewa mzungu?"

"Mzungu alikuja," Shangazi Bernadette akamjibu. "Wewe kila baridi ulituma ujumbe wa simu."

Hata mazishini Marlis hakumpa Ingrid mkono.

Wiki iliyopita theluji ilitanda, na Ingrid akaleta rekodi zote. Hakubaki na nakala hata moja. Marlis alizipokea bila kusema asante. Tulikaa jikoni tukasikiliza, tukacheka, mpaka Nanabozho alipowafikia bata na kuwaambia wacheze macho wameyafumba. Hapo ukanyamaza, Bibi. Kimya kirefu, kisha tukamsikia Ingrid akicheka peke yake.

Marlis akazima mashine. Uso ulikuwa umemwiva. Tulidhani atamfukuza.

"Umecheka nini?"

"Bibi alikuwa anacheza kama wale bata," Ingrid akasema. "Macho kayafumba."

Hilo halikuwa kwenye rekodi yoyote. Alikuwa nalo yule mgeni peke yake. Mwishowe Marlis akavuta viti kando, akaacha nafasi sakafuni.

"Basi simama, dada," akasema. "Nioneshe."

Wivu bado anao, Bibi, hatukufichi. Lakini ameomba likizo ya mwezi mzima, azisikilize hadithi zote kabla theluji haijayeyuka, na hatua zako za bata amezishika.

Unakumbukwa na mwanao Bernadette, mkweo Clayton, wajukuu Marlis na Dewey, na Ingrid, ambaye jina lake ameliandika Marlis mwenyewe.

Hutatutoka moyoni kamwe.