Pakiti za Krispi Zimejaa Chumbani Kwangu, na Anayefukuzwa ni Mama Iman

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na unisamehe mwandiko, nakuandikia nikiwa nimekalia gunia kwa sababu viti vyetu na hata kitanda vimefunikwa na magunia mengine. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama hapa Kianda, Kibera, tunakusanya na kupanga plastiki laini, karatasi za mkate, pakiti za maziwa, zile nailoni za kufungia chupa za maji, tunaosha, tunaanika, tunafunga marobota, yaani beli, tunampelekea mnunuzi wetu Kawangware, mzee anaitwa Ndeti. Kazi si ngumu ukishaijua, unaivuta, ikinyooka kimya ni sawa, lakini ile ya krispi na biskuti ambayo ndani inang'aa kama fedha hiyo inalia kwarakwara na mashine ya Ndeti ya kuyeyusha haiitaki, sisi hutupa. Haya alitufundisha Mama Iman, mama Mnubi ambaye macho yake yameingia ukungu siku nyingi, yeye hufikicha karatasi karibu na sikio na kukuambia ni ya nini kabla wewe hujaitazama vizuri.

Sasa mwezi uliopita walikuja wageni na kamera, wakaniuliza mbele ya watu, "Na hizi za krispi?" na mimi nilikuwa nimevaa kitenge kipya, nikaona aibu kusema tunatupa, nikasema, "Hapa hakuna kinachotupwa, leteni zote!" Wakapiga makofi. Mshauri, waliopiga makofi walienda zao lakini walionisikia wakabaki. Watoto wa shule, watu wa kanisa, hata watu wa kijiji cha Raila nisiowajua, kila mtu ananiletea za krispi, wananiita Madam Mazingira, mwalimu mmoja amenitengenezea cheti, na mimi nasema tu asanteni, wekeni hapo. Mume wangu Shivachi ameniuliza, "Mama Valary, na mimi nipangwe gunia gani, la wanaonyooka ama la wanaolia?"

Ndipo siku moja nikachomeka magunia matatu ya krispi katikati ya beli ya pakiti za maziwa, nikafunga vizuri, nikijiambia Ndeti hataona. Ndeti aliona. Alirudisha beli yote na akasema tukimletea tena takataka ya aina hiyo tutafute mnunuzi mwingine. Kwenye kikao Phanice, mweka hazina wetu, akasema, "Si mnajua ni nani haoni?" na wote wakakubali, sasa Jumamosi tunapiga kura Mama Iman atolewe, na msimamizi wa kura ni mimi. Yeye hakujitetea, ila tangu siku hiyo kila asubuhi anasimama mlangoni kwangu anasema, "Mama Valary, umeamkaje? Nyumba bado ina nafasi?" halafu anaenda zake. Hana kazi nyingine na ana wajukuu wawili anaowalea. Lakini nikisema ukweli heshima yangu imeisha, na cheti kiko ukutani, kila mgeni anakisoma. Nilikuwa nafikiria nimwandikie barua nzuri ya kumshukuru kwa utumishi wake. Nifanye nini? Tafadhali ufiche jina langu.

Madam Mazingira, Kianda

MSHAURI ANAJIBU:

Madam,

Jina lako nimelificha, ingawa sijui Kianda kuna Madam Mazingira wangapi wenye magunia mpaka kwenye viti. Kwa hivyo harakisha.

Aibu ya kamera naielewa, pole. Hata mimi niliwahi kuwaambia wageni kwamba nakimbia kila asubuhi. Lakini hakuna mtu aliyefukuzwa kazi ili mimi niendelee kuonekana mkimbiaji. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikitafuta mahali ulipomwonea huruma huyu mama kuliko cheti. Nimepata sentensi moja, nayo fupi.

Umeandika mwenyewe kwamba hapangi kwa macho. Kikundi kizima chenye macho mazima kimekaa kikaamua kwamba mtu wa masikio amekosea kwa sababu haoni, na mwenyekiti akanyamaza! Na unafikiri kila asubuhi anauliza nini pale mlangoni? Hizo pakiti zinalia kila mkigeuka humo ndani. Anajua, Madam. Anakupa nafasi ya kusema mwenyewe, kwa adabu, na wewe unamjibu kwamba umeamka salama.

Barua ya shukrani ichane. Leo, si Jumamosi, nenda kwake umwambie uso kwa uso, bila habari za kitenge. Jumamosi mwachie mwingine asimamie kikao, wewe useme: "Ni mimi niliyeziweka." Usiseme "kulitokea makosa", makosa hayakufunga hiyo beli. Kisha ifungueni, na kazi ya kutoa za krispi, moja moja, iwe yako. Rudi shuleni na kanisani uwaambie haziyeyushwi, wasilete tena. Watakucheka wiki nzima. Wiki inayofuata watapata mwingine wa kucheka, Kibera hawakosekani. Shivachi mrudishie kitanda chake.

Wakikutoa uenyekiti, usibishane. Omba nafasi ya kupanga, kaa karibu na Mama Iman, na akikupa karatasi, ifikiche kwanza kabla hujafungua mdomo.