Watoto Niliowahesabu

Kiirua

Dada yangu Muthoni,

Kwanza mguu. Umeacha kuvimba, ama bado unashinda nao shambani kwenye kahawa kana kwamba una mwingine wa akiba? Na huko Runyenjes mvua imefika? Huku kwetu ni upepo wa mlima na vumbi, lakini mimi na wifi yako ni wazima. Ningekupigia simu, ila ungesikia sauti yangu ikitetemeka, nawe ungeanza kulia kabla sijamaliza.

Nimeogopa, Muthoni. Nakwambia wewe kwa sababu wengine wote bado wananiona yule mkurugenzi.

Unajua tangu nistaafu nimekuwa mtu wa maswali. Kule kiwandani niliishi kwa hesabu: wafanyakazi, magunia, malori. Sasa nauliza kwa nini Wameru wanafanya hivi na sisi Waembu vile, nabishana na mchungaji baada ya ibada, nasikiliza mijadala ya redio mpaka wifi yako anaizima. Juzi nikajiuliza kama ule mwiko wa mama bado upo, ule wa kutohesabu watoto wa mtu wasije wakapungua. Huku kila mtu ameokoka, nikasema hebu tuone.

Basi nikaenda kwa jirani yetu Mama Kinya, anayelea wajukuu wake. Walikuwa uani wanachambua maharagwe. Nikanyoosha kidole, nikawahesabu mmoja mmoja kwa sauti, na wa mwisho akawa Mwenda, yule mdogo anayeniita guka kana kwamba mimi ndiye babu yake wa damu. Mama Kinya akaweka ungo chini. Hakukasirika. Aliniangalia tu, akasema, "Mzee, hao si magunia."

Nikacheka. Muthoni, nilicheka.

Kesho yake Mwenda hakutoka kucheza. Kufikia jioni alikuwa anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Nikatoa gari, tukakimbia hospitali, Mama Kinya nyuma amempakata. Pale mapokezi muuguzi akamuuliza nyumbani kuna watoto wangapi. Mama Kinya akazidi kumfunika mtoto. Muuguzi akarudia, kisha akanigeukia mimi niliyevaa koti. "Mzee, si unisaidie. Wako wangapi?"

Nilikuwa naijua hesabu hiyo. Ilikuwa mdomoni. Watu wa kwenye benchi walikuwa wananitazama, na mimi niliyezoea kusimama mbele ya kumbi nzima nikisoma takwimu nilishindwa kufungua kinywa. Mwishowe nikasema ni wengi, tunamshukuru Mungu. Muuguzi akasonya, akaandika alichoandika.

Daktari anasema ni nimonia, na kwamba ilikuwa kifuani kabla sijafika na kidole changu. Ndiyo, nilimuuliza, naye akanitazama kama mtu wa kupelekwa wodi nyingine. Kichwa changu kinajua anasema kweli. Lakini mtoto bado yuko kwenye oksijeni, na mimi nalala nimekificha kidole hiki ndani ya ngumi. Unakumbuka ulipowahesabu mbuzi wa baba, mama alikufanyia nini kuondoa ule mkosi? Aliomba tu, ama alikutemea mate kifuani? Jaribu kukumbuka, nakusihi.

Leo nimewapelekea wale wengine ndizi. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitahesabu, nikamwambia mama wa sokoni anijazie tu mfuko. Niligawa nikitazama mikono, si nyuso, mpaka mikono ikaisha. Ikabaki ndizi moja. Nilisimama nayo pale uani, nisijue niiweke wapi. Mama Kinya aliona. Akaja akaichukua, akaifunga kwenye ncha ya leso yake.

"Hii ni ya Mwenda," akasema. "Twende tumpelekee."

Sasa anavaa viatu, nami namalizia barua hii juu ya boneti ya gari, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Msalimie shemeji, fundi wetu wa baiskeli asiyezeeka, na mama mkwe wako, na yule mwalimu jirani yako anayependa kunibishia siasa. Nisalimie pia wajukuu wako. Ukinijibu, usiniandikie sasa wamefika wangapi. Niambie tu kwamba wote wamelala nyumbani.

Kaka yako,
Nyaga