Mgumba Nilikuwa Mimi

Jumatatu, 3 Juni
Nimechinja wawili asubuhi, ng'ombe wa Usangu. Wa pili alinipiga teke la paja. Nikamkatakata kwa hasira hata alipokwisha kufa. Wenzangu machinjioni walisogea kando. Wananijua. Bucha kubwa, tumbo kubwa, mkono mwepesi.

Nyumbani Sekela ametaja hospitali tena. Miaka mitatu ya ndoa, hakuna mtoto. Nimemsukuma ukutani. Baadaye nimekubali kwenda.

Alhamisi, 13 Juni
Majibu yametoka. Sekela mzima. Mbegu zangu ni chache, na hizo chache ni dhaifu.

Daktari ni binti mdogo lakini hazungushi maneno. "Mzee, tatizo kubwa ni uzito." Kilo mia na thelathini na moja. Anasema mafuta mengi yanavuruga homoni na kutengeneza sumu inayokula mbegu kama kutu inavyokula bati. Mimea ina vitu vinavyoizuia kutu hiyo. Akataja choya, yale maua mekundu ya kuchemsha, mboga ya mnafu, matunda damu. "Vinasaidia, ila si muujiza. Punguza mwili, acha bia, tembea."

Nilitaka kuipindua meza yake. Nikauliza, tangu lini? Akasema hana hakika, lakini kama mwili huu ni wa miaka mingi, huenda na tatizo ni la miaka mingi.

Mwili huu nilikuwa nao wakati wa Upendo, mke wangu wa kwanza.

Ijumaa, 14 Juni
Sekela alichemsha choya, akaweka jagi mezani. Akasema polepole, "Kumbe Upendo hakuwa na kosa."

Nikapiga jagi, kisha nikampiga yeye. Mdomo ukapasuka. Sakafuni sikujua ipi choya, ipi damu.

Akachukua kisu changu cha bucha. "Ukinigusa tena, nakuchoma." Niliogopa. Mimi, mchinjaji. Amekwenda kwa dada yake.

Jumapili, 16 Juni
Sikwenda kanisani. Naandika ili nisiweze kukana.

Upendo nilikaa naye miaka sita. Nilimvunja mkono wa kushoto kwa mpini wa shoka. Nilichoma nguo zake uani. Nikamrudisha kwao Igowole, nikaita majirani, nikasema nimewaletea mgumba wao. Mama yake alipiga magoti kunisihi. Nikamruka.

Aliolewa tena hukohuko. Ana watoto wawili. Habari hiyo nimekuwa nayo miaka yote, nikasema si wa tumbo lake.

Jumanne, 18 Juni
Naandika kwa shida. Jino limetoka, bega halipandi.

Nilipanda basi mpaka Nyololo, kisha bodaboda mpaka Igowole. Festo, kaka yake Upendo, alikuwa anapasua kuni. "Umefuata nini hapa?"

Nikamwambia, "Shemeji, mgumba nilikuwa mimi."

"Usiniite shemeji." Akanipiga kwa gogo. Begani, mdomoni, mgongoni. Nilianguka kwenye matope. Sikuinua mkono. Sijui kama ni toba au ni uzito tu.

Upendo akaja mbio kutoka nyumba ya jirani, akamshika kaka yake. "Kaka, mwache. Akifa hapa, utafungwa wewe." Akakunja mkono wa gauni. Mfupa ulikaa vibaya, umepinda. "Huu nao umekuja kuunyoosha?"

Nikatema jino matopeni.

Akasema, "Siku ile uliita watu. Waite tena."

Nikaita. Wakaja. Nikasema yote, mdomo umejaa damu: mgumba nilikuwa mimi, nilimpiga bure, nilimsingizia. Wengine walicheka. Mama yake hakucheka, alinitazama tu. Nikaomba msamaha. Upendo akasema, "Nimekusikia." Akarudi kwa wanawe.

Jumamosi, 29 Juni
Baridi kali. Sekela amekuja kuchukua blanketi lake. Aliketi mlangoni, mbali nami, mlango wazi. Kidonda cha mdomo kimeacha alama.

"Nasikia ulisema Igowole, mbele za watu?"

"Nilisema."

"Kuhusu mimi pia utasema?"

Nikamwambia kesho Jumapili nitakwenda kwa baba yake, nitasema mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema hajui kama atarudi. Nikasema sawa.

Akakunja blanketi, akaondoka. Alitembea bila haraka mpaka kona.

Sikumfuata.