Mvinyo Niliokamua Mwenyewe

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijawahi kuanza maongezi na wewe bila shikamoo, na sitaanza leo. Adabu yangu inaishia hapo. Yanayofuata hukuyataka ulipokuwa hai, na nimeyafanya.

Mwaka huu nimepeleka mvinyo wa ndizi kwenye mashindano ya maonyesho ya wakulima, pale Ngara mjini. Nimekamua mwenyewe. Ndiyo, mimi, kwa mikono hii miwili, ndani ya mtumbwi wako wa kukamulia ndizi.

Unakumbuka nilivyougusa mara ya kwanza? Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Ndizi zilikuwa zimetolewa shimoni zimeiva, harufu yake imejaa uwanja wetu wote hapa Kanazi, na wewe na baba mdogo Zakaria mmeuinamia ule mtumbwi wa mti, mnazikanda kwa nyasi mpaka maji yake yanatoka. Nikaingiza mkono. Ulinipiga kofi mkononi mbele ya wanaume wote. "Mwanamke akigusa, maji hayatoki," ulisema. Maji yalitoka, baba. Yalitoka kama siku zote. Lakini pombe ile ilipoharibika, nililaumiwa mimi.

Halafu nilipokuwa msichana mkubwa, ukaanza kunifuata jikoni jioni, watu wakishaondoka, na kata mkononi. "Onja. Sema kweli." Nilikuwa nakwambia mtama wa kuchachushia umeungua ulipoukaanga, au kwamba pombe inataka kulala mpaka kesho. Hukubisha hata mara moja. Ulikwenda ukafanya nilivyosema. Kaka Deo hukuwahi kumuuliza. Zile jioni nazipenda mpaka leo: wewe umekaa kwenye kigoda cha mama, unasubiri nimeze, umetulia kama mtu anayengoja majibu ya mtihani.

Lakini na ile siku ya harusi ya dada Imakulata siisahau. Wakwe walikunywa wakasifu, mzee mmoja akauliza fundi ni nani. Nilikuwa nimesimama pale pale na sahani. Uliniangalia. Kisha ukasema, "Ni mkono wangu." Mkono ulikuwa wako, kweli. Ulimi ulikuwa wangu, na hukuutaja.

Ndoa yangu kule Kaniha iliponishinda nikarudi nyumbani, ulikuwa tayari unaumwa. Nikakuuguza, nikakuzika, nikabaki na migomba. Deo anaendesha bodaboda Biharamulo na huku anakuja siku za misiba. Mtumbwi ulikuwa nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani yake. Nikauosha. Nikakamua. Kwenye kikundi chetu cha akina mama tulikuwa tumefundishwa kutengeneza mvinyo: unachuja, unatia hamira, unafunga dumu vizuri na unaliacha mpaka mapovu yaishe. Wangu ulitoka mwangavu, rangi ya asali. Niliuonja jikoni peke yangu, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu anayesubiri niseme kitu.

Baba mdogo akasikia. Akaja siku moja kabla ya maonyesho, Deo yuko nyuma yake.

"Mwanangu, hatukukatazi kupeleka," aliniambia. "Ila utataja jina la Deo. Kukamua ni kazi ya wanaume wa ukoo huu. Tutachekwa."

"Deo hajui hata ndizi zinaivishwa vipi."

"Hakuna atakayemuuliza hayo. Wanataka jina tu."

"Jina ni langu, baba mdogo."

Alizungusha kofia yake mkononi. "Ukitaja lako, mtumbwi tunauchukua. Ule ni wa ukoo."

Niliwakaribisha chai. Hawakunywa.

Kesho yake nikasimama nyuma ya meza yangu na chupa zangu. Majaji wakafika, mbele yao mama mmoja wa miwani. Akamimina kidogo, akanusa, akaonja, akaonja tena. "Huu umetengenezwa na nani?"

Kabla sijafungua mdomo, baba mdogo alishatokea na koti lake la kanisani, anamsukuma Deo mbele. "Ni huyu kijana. Mtoto wa marehemu kaka yangu."

"Si yeye," nikasema. "Nimetengeneza mimi. Hata ndizi nimekamua mimi."

"Mwanamke hakamui!" Sauti yake ilifika mpaka kwenye meza za mihogo. Watu wakageuka.

Yule mama akamtazama Deo. "Kijana, wewe unasemaje?"

Deo akamwangalia baba mdogo, kisha akaniangalia mimi. Nilidhani atafanya ulichofanya wewe harusini. "Ni dada," akasema. "Mimi nimekuja kuangalia tu."

Nimekuwa wa pili, baba. Wa kwanza ni bwana mmoja wa Nyamiaga na mvinyo wake wa nanasi. Nimeuonja. Ni mzuri, lakini sukari imezidi, na wewe ungekubaliana nami. Jina langu lilitangazwa kwenye kipaza sauti mpaka wachoma mahindi wa barabarani wakalisikia.

Jumatatu baba mdogo alikuja na vijana wakaubeba mtumbwi. Sikulia mbele yao. Nililia baadaye, kwa sababu kingo zake zimelainishwa na mikono yako. Kisha nikaenda mjini nikanunua beseni kubwa la plastiki. Linateleza, nyasi hazishiki vizuri, ila kazi inakwenda, na wenzangu wawili wa kikundi wameanza kukamua kwao. Baba mdogo hanisalimii kanisani. Namwamkia mimi kwanza, kwa sauti, ili aitikie mbele ya watu.

Nilidhani nikikuandikia nitakuwa na hasira na wewe. Ninayo, kidogo, kwa lile neno moja ulilolimeza harusini. Lakini nikionja kitu chochote bado nakuona umekaa pale unangoja, na nashindwa kukuchukia. Ulijua. Ulikuwa unajua kuliko wote, na ukaogopa watu. Mimi nimewaogopa pia, ila nimesema.

Ruhusa siombi. Radhi zako, ukitaka kunipa, nitazipokea kwa mikono miwili. Mwaka kesho napeleka tena, na yule bwana wa Nyamiaga ajipange.

Pumzika, baba. Mimi bado nina kazi.

Binti yako,
mkamuaji