Ile Gari Inazima Pale Darajani

Bakoki,

Mimi siongei na wewe. Nakuandikia. Hiyo ni kitu tofauti, na watu wa kwako wajue hivyo.

Siku ya kukupeleka nyumbani kuzikwa nilisema mbele ya kila mtu ati Simiyu haongei na sanduku juu ya mambo ya injini, na neno langu bado ni lile lile. Lakini kuandika sikukataa. Herufi zangu ni kubwa na zinalala upande kama mahindi yamepigwa na mvua ya mawe, unazijua. Shule tuliiacha pamoja, wewe ukilia, mimi nikishangilia. Vumilia tu.

Habari ya gari sasa. Pikapu yetu.

Wakati ulikuwa bado umelala mochari kule Bungoma, niliiingiza gereji hapa Kitale nikaitengeneza ili usafiri kama waziri. Plagi mpya. Kabureta nikaosha. Nikatoa taa yangu ya taiming, ile inamulika puli kuonyesha cheche inaruka wakati gani, nilinunua Nairobi mwenyewe, wakati mafundi wote wa Kitale walikuwa wanakisia kisia tu. Nikazungusha distribyuta inayogawia plagi moto mpaka alama ya puli ikakaa mahali taa inataka. Nikapaka distribyuta rangi nyeupe kuonyesha mahali imekaa, nikakaza nati. Ule mkwaruzo wako wa msumari, alama uliweka kwa kusikiliza injini na sikio tu, ukabaki kando, upana wa ukucha. Nikasema, leo wewe Wanjala huwezi kubishana.

Si ulibisha, bana?

Tulifika lile daraja la karibu na kwako, jua liko utosini. Nikaachilia pedeli ya mafuta ili tuteremke pole. Injini ikashuka, ikatetemeka, ikazima. Piga stata, hakuna. Piga tena, hakuna. Wewe uko nyuma na mashada yako. Wamama wakanyamaza kuimba. Halafu baba yako mdogo akasema kile kila mtu alikuwa anangoja: "Amekataa. Aongeleshwe." Unajua kwetu vile gari ya maiti ikizima watu hawatafuti spana, wanatafuta mdomo. Wakaniangalia mimi. Mimi ni bakoki wako, tulipashwa tohara msimu mmoja, gari tukanunua pamoja, nani mwingine? "Simiyu, muulize shida ni nini."

Nikawaambia shida ni taiming.

Nikafungua boneti nikainama, nikashikashika waya. Nyuma yangu nikasikia mke wako Nafula, sauti ya chini kabisa, kama mtu anaamsha mtoto: "Wanjala, twende nyumbani. Chai iko." Nikarudi kwa usukani nikapiga stata, ikashika mara moja. Watu wakasema ni Nafula. Mimi nikasema ni mkono wangu. Mpaka leo nasema hivyo.

Lakini jioni, baada ya kukuweka, nilifungua boneti tena. Distribyuta haikuwa kwa rangi yangu. Ilikuwa imezunguka mpaka kwa mkwaruzo wako. Nati imekaza. Nilitumia spana na uzito wa mwili kuifungua.

Mimi si mtu wa kutishwa. Nimewahi kulala chini ya lori lililobebwa na jeki moja. Nikairudisha kwa rangi yangu, nikakaza mpaka spana ikalia. Kesho yake nikabeba viazi kutoka Kitale kwenda soko la Bungoma. Inavuta vizuri, inapanda vizuri. Kufika daraja, naachilia mafuta, inazima. Nafungua boneti: iko kwa mkwaruzo wako. Napiga stata, inawaka na kunguruma tulivu kama paka kwa jiko.

Nikairudisha tena. Unanijua.

Nikatafuta ugonjwa kwa mpango, kama fundi, si kama mganga. Nikabadilisha paipu ya hewa, ile ya zamani ilikuwa na ufa. Pointi za ndani ya distribyuta nikazisugua, nikapima nafasi yake na karatasi ya pakiti ya sigara. Skrubu ya kabureta sikuigusa, kwa sababu hawa mafundi wa sasa hukimbilia hiyo kwanza, wanaongeza mafuta, injini inapiga kelele na ugonjwa unajificha ndani. Kwanza pointi, halafu taiming, skrubu mwisho. Si tulikubaliana hapo? Ni kitu kimoja tulikubaliana maisha yote. Na nilipomaliza yote, Kitale ikanguruma sawa. Darajani ikazima.

Watu wa viazi wakaanza kunikwepa. Mmoja alishusha magunia yake akisema, "Mzee, hiyo gari mko wawili ndani." Na nikwambie ukweli, kiti chako hakipoi. Nimekaa nikakishika asubuhi, gari imelala nje kwa umande, usukani baridi, mlango baridi. Kiti chako hapana.

Mwishowe Nafula akaniita. Alinipa chai, hakuketi. Akasema, "Shemeji, nusu ya hiyo gari ni yangu sasa. Nitapanda na wewe mpaka darajani. Ikizima, uongee na yeye. Ukikataa, tunaiuza kwa watu wa vyuma wakaikatekate." Nikamwambia, haitazima. Akasema, "Shemeji, wewe hata ukifa utabishana na mchanga."

Akakalia kiti chako. Akashtuka kidogo, halafu akakaa sawa, akaweka mkono pale pembeni ambapo ulikuwa unaweka wako.

Mchana. Hakuna mtu barabarani, hata ng'ombe. Nikafika daraja, nikaachilia mafuta.

Ikazima.

Nikafungua boneti nikijua nitakuta nini. Bakoki, haikuwa imezunguka. Ilikuwa kwa rangi yangu nyeupe, vile niliiacha. Mara zote hizo ulikuwa unajifanyia mwenyewe, leo umeniachia. Hapo ndipo nilitishika. Si kwa kuzunguka. Kwa kutozunguka.

Taa nilikuwa nayo. Sikuitoa. Nikachukua bisibisi yako, ile ya mpini wa mti, nikaegemeza chuma kwa injini na mpini kwa sikio, vile ulikuwa unafanya umefumba macho na mimi nakucheka ati una masikio ya popo. Nikafungua nati. Nikamwambia Nafula apige stata. Ikashika vibaya, inachechemea. Nikazungusha kidogo.

Kwa ule mpini nikasikia: "Bado."

Sauti yako ya kawaida. Ile ya mtu ana chai mdomoni. Nikazungusha tena, upana wa unywele.

"Bado."

Halafu: "Hapo. Mkono toa."

Nikatoa mkono. Injini ikatulia, na distribyuta imekaa kwa mkwaruzo wako. Nafula akashuka na thamosi yake, akamimina kikombe akakiweka juu ya kifuniko cha injini, vile wewe ulikuwa unapima. Chai haikutikisika. Tuliiangalia mpaka ikapoa.

"Shemeji," akaniuliza, "ulikuwa unaongea na nani?"

"Siongei. Nasikiliza."

Akacheka, akafuta macho na leso. Haiuzwi, akasema.

Nilivyorudi gereji nikatoa plagi ya kwanza, nikaingiza spoki ya baiskeli, nikazungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikafika juu kabisa. Alama ya puli, ambayo hapo ilifaa kukaa sawa, iko kando. Ule mpira wa katikati ya puli umeteleza, umehamisha alama. Kwa hivyo taa yangu haikudanganya, ilidanganywa na puli. Andika hiyo vizuri huko uliko. Taa ni nzuri. Ulikuwa unasema, "Simiyu, hiyo taa yako inaona, lakini haisikii," na mimi nakuzomea. Sawa.

Puli nimeelewa. Nati sijaelewa, na sitauliza mtu.

Rangi yangu nyeupe nimeifuta na petroli. Umebaki mkwaruzo wako peke yake. Nafula anaenda na mimi soko siku ya viazi, anakalia kiti chako na hataki kitambaa juu yake. Watu wameanza kupakia tena. Pale darajani naachilia mafuta kila mara, hata kama naharakisha, ili uisikie vile imekaa. Hiyo nakuahidi mpaka siku nami nitabebwa nyuma yake, na siku hiyo mtu asiniongeleshe, waangalie pointi.

Lala vizuri, bakoki. Barua hii naikunja naiweka chini ya kiti chako.

Distribyuta iko mahali unapenda. Na ile nati, kwa mara ya kwanza tangu nishike spana, sikuikaza mpaka mwisho. Nimeacha nafasi ya mkono wako.

Simiyu