Zamu ya Kulimiwa

Jumapili, 5 Machi 1995

Bado naifikiria Ijumaa. Darasa la Saba, somo la Siasa — jamii isiyo na fedha wala tabaka. Glorious akanyoosha mkono: kama hakuna mshahara, nani atakubali kulima? Nikamjibu palepale, kama tunavyolima sisi! Ngokela. Leo wanawake wote kwangu, kesho kwako, malipo ni ugali na pombe ya ulezi, bosi hakuna. Darasa likaridhika. Nikatoka kifua mbele. Jumamosi ni zamu ya shamba langu.

Jumanne, 7 Machi

Ngokela kwa Mama Winifrida. Tadea, mwenzetu wa ngokela, hakuja — kamtuma kibarua! Anaitwa Ida, mtu wa ziwani, Ngumbo, kapanda huku milimani kutafuta kazi. Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waingie, Tadea ana duka, jembe hashiki tena. Nikasema hili ndilo tabaka lenyewe, limetufuata mpaka shambani. Wenzangu wakacheka. Mama Winifrida akasema jembe ni jembe, shimo la ngolo haliulizi nani kamtuma nani. Na kweli, Ida alilima kutupita, ingawa kwao ziwani hawachimbi ngolo, mashimo haya yetu ya kupandia mteremkoni.

Wakati wa pombe akakaa pembeni. Nikamwita. Akasema yeye kishalipwa, pombe ni ya wenye zamu. Sikuinywa yangu kwa raha.

Jumatano, 8 Machi

Nimekwenda dukani kwa Tadea. Nikamwambia Jumamosi aje mwenyewe, la sivyo aache ngokela. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Aliendelea kupima sukari.

"Mwalimu, wewe unakula mshahara wa serikali, mimi nakula wa duka. Nisipomtuma Ida, yeye atakula nini? Siasa?"

Nikalikwepa swali. Mwalimu mzima! Nikasema tu kibarua simtaki shambani kwangu. Njia nzima najiuliza: nimemtetea Ida, au nimemnyima ugali wake? Sijui. Kwa kweli sijui.

Alhamisi, 9 Machi

Mvua. Shemeji Kilian kashafyeka majani shambani kwangu na kuyapanga miraba miraba ya ngolo, yanangoja wanawake wayafukie. Wiki ijayo tutakuwa tumechelewa, na bila maharage watoto wangu watakula nini? Mshahara wenyewe unakuja unapotaka.

Jumamosi, 11 Machi

Chungu cha pombe kimejaa. Kaja Mama Winifrida peke yake! Tadea leo analimisha kwa pesa taslimu, wenzetu wote wako huko. Mama Winifrida ameniambia hayo bila hata kunung'unika. Yeye kaja kwa kuwa Jumanne nilimlimia, basi.

Halafu Ida. Nikadhani katumwa, nikaanza kumrudisha. Hapana — kaiacha pesa ya Tadea, kaja mwenyewe na jembe la kuazima.

"Mwalimu, nataka kuingia ngokela yenu. Leo nalima kwako. Zamu yangu ikifika, mtanilimia wapi? Mimi sina shamba."

Nikimlipa, mimi ni Tadea. Nisipomlipa, nimemzidi Tadea ubaya. Ningeweza kumpa kipande kile cha juu cha shamba, kimelala tu, lakini ni cha ukoo, shemeji atanipigia kelele — na mimi mwenyewe, je, nataka kukitoa? Naona moyo unagoma. Naona haya kuandika hivi.

Nikamwambia asubiri, nakuja na maji ya kunywa. Ndoo hii hapa miguuni, imejaa. Mimi nimekaa naandika. Nje nasikia majembe mawili. Hakungoja jibu.