Kopo la Vifungo na Siku ya Nafuu

Mshauri wangu, shikamoo, na pole kwa kusoma mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema. Nimeandika nyuma ya karatasi ya kuandikia vipimo kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, mtoto amelala mgongoni na nikiinuka kutafuta nyingine ataamka.

Mimi ni fundi wa vifungo kwenye karakana ya kushona sare za shule, tuko wanawake watano, mimi, mdogo wangu wa tumbo moja, mabinti wawili wa kukata, na dada wa mashine ya overloki, ile ya kufunga kingo za nguo, ambaye tunamwita hivyohivyo, Overloki. Bosi wetu tunamwita Mama Futi kwa kuwa futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akila.

Rafuni kwetu kuna kopo la vifungo ambalo halina vifungo, lina dawa. Kila mwenye vidonge vya maumivu vilivyobaki nyumbani anavileta, anavitoa kwanza kwenye karatasi zake ili visijaze kopo, na mwenye kuumwa anajichotea. Kuvipanga ni kazi yangu, maana jicho langu limezoea, naweka vyeupe na vyeupe, vyekundu na vyekundu, vya njano peke yavyo, na mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu kwamba cheupe ni cha kichwa, cha njano ni cha mafua na homa, chekundu ni cha mgongo na meno. Wakaniita Daktari wa Vifungo, nami nikafurahi.

Basi tulipata kazi ya sare za njano, chumba kizima njano, ukimtazama mwenzio unaona uso wake umepakwa rangi ya kitambaa. Mdogo wangu akaanza kuumwa jino, na kwa kuwa kazi ilikuwa ya haraka hakwenda kung'oa, alikuja kwangu nikamchotea kwa mkono wangu huu, cheupe kwa sababu kichwa kilimgonga, cha njano kwa sababu mwili ulichemka, chekundu cha jino lenyewe, nikidhani ni dawa tatu za kazi tatu, na maumivu yakirudi nachota tena, hivyo siku kadhaa. Mwisho akatapika, akashinda amelala sakafuni juu ya vipande vya vitambaa. Kesho yake akaamka mzima.

Mshauri, siku hiyo ndiyo inayonitisha kuliko zote. Jino kimya. Alikula, akacheka, akaimba tangu tulipofungua mpaka tulipofunga, wimbo mmoja tu, ule ninaombembelezea mtoto, akifika katikati anarudi mwanzo, hakuumaliza hata mara moja. Mwanangu kwa mama yake mdogo humwambii kitu, lakini siku hiyo nilipompa ampakate alimkazia macho, hakulia, akamtazama tu machoni muda mrefu, halafu akageuka akanishika nguo. Nikasema ana usingizi. Kumbe macho ya mdogo wangu yalikuwa yameshaanza kugeuka rangi, na sisi sote tulikuwa njano, nani angejua?

Siku iliyofuata mdogo wangu alimwita mwanangu "mama". Mama yetu alishafariki. Akamwuliza kwa adabu kabisa kama ameshakula. Tukamtoa nje juani, mbali na vitambaa, na njano ikabaki naye.

Tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema ini limeumia vibaya kwa dawa za maumivu kuzidi mwilini. Akauliza karatasi za dawa ziko wapi, nikasema hazipo, akauliza alikunywa ngapi, nikanyamaza. Akili ilipomrudia mdogo wangu, nesi akamwinamia akamwuliza polepole kama alitaka kujiua, maana mwezi uliopita mchumba wake alivunja posa na hilo kila mtu anajua. Mdogo wangu akanitazama mimi na mtoto mgongoni, akafumba macho, akasema ndiyo.

Tulipobaki wawili akaniambia, "Dada, waache waamini hivyo. Ukitaja kopo Mama Futi atakufukuza, na huyu mtoto atakula nini? Mimi jina langu limeshachafuka tangu posa."

Sasa ni wiki ya pili, ana nafuu ya kweli, daktari anasema ini ni nyama inayojua kuota upya na vipimo vyake vinaonyesha njia ya kupona. Ila shangazi yetu ameshautangazia ukoo mzima. Mdogo wangu akitoka wodini, shangazi atamchukua akamlinde, asikae peke yake, asiguse cherehani wala kitu chenye ncha, na mkasi wake ameshauchukua ameutia kwenye mkoba. Kila shangazi akifungua mkoba, mdogo wangu anaufuata kwa macho.

Kopo bado liko rafuni, sijalitoa, naona kulitoa ni kukiri. Lakini nina tumaini moja, labda kopo halina kosa, labda ni mwili wa mdogo wangu tu ndio dhaifu. Kwa sababu Overloki naye mgongo unamsumbua, tangu Jumatatu anachota rangi zote tatu, jana alitapika akasema ni chakula cha juzi, na leo amepona kabisa, anatutania kwamba yeye na kopo wamenyonya ziwa moja, na hapa ninapoandika anaimba. Kama dawa zingekuwa na ubaya, si na yeye angeanguka?

Naomba uniambie, ninyamaze kama mdogo wangu anavyotaka, au niseme? Karatasi hii nitaitia kwenye sanduku lenu saa ya chakula, ofisi yenu ya gazeti si mbali na kwetu.

Ni mimi, Daktari wa Vifungo.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliipata saa nane mchana. Nikaisoma mara moja. Mara ya pili nilifika kwenye kuimba kwa Overloki, nikaacha.

Barua za safu hii hungoja zamu, yako haikungoja. Karatasi yako ya vipimo ina muhuri wa karakana na namba ya simu. Nikapiga, akapokea bosi wako. Nyuma yake nilisikia cherehani, na juu ya cherehani sauti ya mwanamke. Nikauliza nani huyo. Akasema, "Overloki, leo ana raha zake."

Umeandika mara mbili kwenye karatasi moja: alitapika, akapata nafuu, akaimba. Jicho linalotenga vifungo mia halikuona viwili vinavyofanana. Sikulaumu sana, tumaini nalo hupofusha. Lakini sikia. Ini linapoumizwa na dawa hizi halipigi kelele. Linaweza kumpa mtu siku nzima ya nafuu, ale, acheke, wewe ushukuru, na chini kwa chini linaendelea kufa. Aliyezidisha dawa ya maumivu hangojwi mpaka augue. Anapelekwa siku hiyohiyo, hata akicheza.

Mama Futi alinibishia kwamba anayeimba hapelekwi hospitali. Nikamwambia ampeleke anayeimba, anayelia atajipeleka mwenyewe, na kopo liende naye. Akaenda, futi shingoni.

Daktari alilimwaga mezani, akasoma herufi ndogo zilizochongwa kwenye vidonge. Vingi, vyeupe, vya njano na vyekundu, ndani yake mna dawa ileile moja, parasetamoli. Rangi ni nguo tu. Majina yalikuwa kwenye karatasi mlizotupa. Ukidhani unampa mdogo wako dawa tatu, ulimpa moja mara tatu. Overloki ametundikiwa dawa ya kuzuia sumu hiyo, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi. Jioni Mama Futi alinipigia: ini limeguswa, macho bado meupe, na analalamika kwamba kitanda kinauma mgongo. Mwache alalamike.

Sasa swali lako. Useme, na uanze na daktari wa mdogo wako. Anatibu kwa kubahatisha kwa sababu wewe ulinyamaza na mdogo wako akadanganya. Kisha shangazi. Na umwambie hivi pia: hata kama binti angekuwa kweli ametaka kufa, dawa yake si kutangazwa kwa ukoo, ni kukaa karibu naye, kumsikiliza, na kumpeleka kwa wanaojua kumsaidia. Lakini hakutaka. Aliumwa jino, kisha akakununulia wewe kazi kwa jina lake. Deni kama hilo mtu halali nalo.

Kuhusu Mama Futi, aliniuliza nani aliyeandika. Sikumjibu, hiyo ni kazi yako. Gazeti hili ameniambia anasoma, huanza na ukurasa huu, kwa hiyo mtangulie. Huenda akafoka. Lakini kopo lilikuwa rafuni kwake, na vidonge vilivyomo naye alichangia. Sidhani kama ana mdomo wa kukufukuza. Akikufukuza, rudi hapa, sanduku letu si mbali na kwenu.

Kopo likirudi, litie vifungo.

Halafu nenda wodini na mtoto. Simama mbele ya shangazi, useme yote mdogo wako akisikia, unyooshe mkono, na usiushushe mpaka mkoba ufunguliwe. Ukishaupata mkasi, usimwekee mdogo wako pembeni. Mpe mkononi.